Sura ya Sita: Deni la Bunduki Mpya

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwenye shotgani mpya huielewa methali hii mapema kuliko wengi.

Mchukue mwindaji wa bata katika mji wa Stuttgart, jimbo la Arkansas, Marekani. Huko ni nchi ya mashamba ya mpunga, na kila majira ya baridi bata mwitu kutoka kaskazini hushukia kwenye misitu iliyofurika maji. Kumepambazuka. Maji yanamfika mapajani, kabuti limemjaa mwilini, na mikononi ana bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, aliyoitoa kwenye boksi juzi tu. Kundi linashuka kati ya miti. Anapiga. Anavuta kifyatulio mara ya pili: kimya. Anaitazama bunduki ubavuni. Ganda tupu la risasi ya kwanza limebanwa kwenye dirisha la kutokea, nusu ndani nusu nje, kama ulimi uliong'atwa. Anapomaliza kulichokoa, bata wamekwisha kuwa vidoa angani.

Muuzaji aliyemuuzia hashtuki. Anamuuliza tu amekwisha kupiga risasi ngapi. Moja? Basi aende akapige makasha manne ya risasi nzito, ndipo arudi kulalamika.

Ushauri huo utamshangaza yeyote aliyewahi kununua pikipiki. Pikipiki mpya hulelewa kama mtoto. Kilomita mia tano za kwanza usiivute sana, usipakie mishikaki, na oili ya kwanza uimwage mapema, nayo hutoka ikimetameta unga wa chuma. Mbona bunduki mpya inaanzishwa kwa shuruba? Jibu la swali hilo ndilo litakaloeleza kwa nini bunduki ya kujipakia hufanya kazi, na kwa nini wakati mwingine hugoma.

Pato la risasi moja

Injini ya pikipiki ikiwa nzito kidogo, petroli ipo. Mwendeshaji huongeza moto, safari ikaendelea. Shotgani ya kujipakia haina akiba ya namna hiyo. Kulifungua komeo, kulivuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, kulitupa nje, kuibana springi, kuinua risasi mpya na kuisukuma mahali pake, kazi zote hizo hulipiwa na risasi ile ile moja iliyokwisha kupigwa. Pato ni moja, na hakuna pa kukopa.

Tufanye hesabu ya haraka, tukiacha pembeni uzito wa baruti na kizibo cha plastiki. Risasi nyepesi ya kulengea visahani vya udongo ina gramu 24 za marisau, kiasi wanachotumia hata washindani wa Olimpiki. Marisau hayo yakitoka kwa mita 400 kwa sekunde, bunduki ya kilo 3.2 husukumwa nyuma kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Risasi ya gramu 32 inayotoka kwa mita 365 huisukuma kwa mita 3.65. Tofauti yaonekana ndogo, lakini nishati hufuata mraba wa mwendo. Risasi ya kwanza inaleta jouli 14 na ushei, ya pili jouli 21. Pato limepanda kwa karibu nusu.

Matumizi nayo yana majina yake: msuguano, ugumu wa springi, uchafu, grisi, baridi, na bega la mpigaji. Kila mmoja huchukua chake kabla komeo halijafika mwisho wa reli. Matumizi yakizidi pato, ganda hukwama dirishani.

Pete ya Browning

Mtu wa kwanza kuifanya hesabu hii ikalipa katika shotgani alikuwa John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki, aliyezaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855. Kwa karibu miaka 20 alikuwa akiiuzia kampuni ya Winchester miundo yake kwa bei ya mkupuo. Shotgani yake ya kujipakia aliiona kuwa kubwa kuliko zote, akataka alipwe asilimia kwa kila moja itakayouzwa. Winchester wakakataa. Akaenda Remington. Tarehe 8 Januari 1902 alikuwa amekaa akisubiri kuonana na mkuu wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, alipoambiwa kwamba mzee huyo amefariki ghafla kwa moyo. Browning akapanda meli kwenda Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN huko Herstal, karibu na Liège, kilichokuwa tayari kikitengeneza bastola zake. Bunduki iliyotoka huko ikaitwa Auto-5, na iliendelea kutengenezwa hadi 1998. Utaitambua kwa mbali, kwa kuwa nyuma ya dirisha mwili wake una nundu kama ng'ombe wa kienyeji.

Ndani yake, mtutu wenyewe hutembea. Risasi ikipigwa, mtutu na komeo hurudi nyuma vikiwa vimeshikana, mwendo wote unaozidi urefu wa risasi. Komeo hushikwa huko nyuma. Mtutu husukumwa mbele na springi yake na kuliacha ganda, ganda hutupwa nje. Kisha komeo nalo hufuata mbele likiwa na risasi mpya. Ukiipiga mara ya kwanza utadhani mtu amekusukuma mara mbili.

Tatizo la Browning lilikuwa pato lisilo sawa. Risasi nyepesi huleta kidogo, nzito huleta nyingi mno. Akaweka breki: pete ya shaba nyeusi inayolibana bomba la magazini, na pete ya chuma yenye ukingo ulioinamishwa. Kwa risasi nzito, pete ya chuma hukaa kati ya springi na ile ya shaba, ikaibana zaidi na kuongeza msuguano. Kwa risasi nyepesi, huvuliwa na kuhamishiwa upande wa pili wa springi, karibu na mwili wa bunduki, breki ikalegea. Mwenye bunduki ndiye aliyepanga matumizi, kwa vidole vyake. Aliyesahau aliona matokeo. Akiacha breki kali na kupiga risasi nyepesi, maganda yalikwama. Akiilegeza na kupiga nzito, vyuma viligongana hadi mbao ya mbele ikapata nyufa.

Winchester walijutia uamuzi wao. Mhandisi wao T. C. Johnson, aliyekuwa amesaidia kuandaa hataza za Browning, akalazimika kubuni shotgani isiyozigusa hataza hizo. Bunduki ya Model 1911 ikatoka bila mkono wa kuvutia komeo. Ili kuifungua ulishika mtutu na kuusukuma nyuma. Maganda ya wakati huo yalikuwa ya karatasi, yakilowa yanavimba na kunasa. Kuna waliosimamisha kitako ardhini na kuukandamiza mtutu kwa mikono miwili, mdomo wake ukitazama nyuso zao. Bunduki ikapata jina la mfanya wajane. Funzo la kisa hicho ni hili: bunduki iliyokwama ihesabiwe kuwa imejaa, na mdomo wake usimwelekee mtu hata wakati wa kuichokoa.

Gesi, na abiria wa daladala

Siku hizi pete za Browning zimebaki kwa wapenzi wa vitu vya kale, na njia mbili zimetawala.

Ya kwanza ni ya gesi. Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyoizoesha Marekani njia hii. Vitundu chini ya mtutu hupitisha sehemu ya gesi ya baruti, gesi husukuma pistoni, pistoni husukuma komeo. Hupiga kwa ulaini na husamehe, lakini masizi ya gesi hubaki mle mle ndani. Katika 1100, kinachozuia gesi isivuje ni oringi moja ya mpira, ndogo kama bangili ya mtoto mchanga. Ikikatika, gesi hupotea na bunduki nzima hugoma. Wapigaji wengi hutembea na oringi ya akiba mfukoni.

Ya pili hutumia inesha, yaani ukaidi wa kitu kizito kukataa kuondoka kilipo. Mwitalia Bruno Civolani ndiye aliyeibuni, na kampuni ya Benelli Armi, iliyoanzishwa Urbino mwaka 1967 na ukoo wa watengeneza pikipiki wa Pesaro, ikaiingiza sokoni. Kuielewa, panda daladala. Umesimama, hukushika bomba, dereva anaondoka kwa kishindo. Wewe hukusogea; gari ndilo lililokukimbia chini ya miguu. Sasa tia springi fupi ngumu nyuma ya mgongo wako. Utaibana kwa uzito wako, nayo ikijinyoosha itakutupa hadi kwa dereva. Ndivyo lilivyo komeo la Benelli. Bunduki inaruka nyuma kwa risasi, komeo linabaki lilipo, springi iliyo kati ya komeo na kichwa chake inabanwa milimita chache, kisha inalitupa komeo nyuma kufanya kazi zote.

Utaona mara moja udhaifu wake. Daladala lisipoondoka, abiria haanguki. Ukiegemeza kitako kwenye kisiki, au ukiifunga bunduki tochi na mkanda wa risasi hadi ikawa nzito, haitaruka vya kutosha. Bega lililolegea nalo huiba, na kabuti nene ni bega lililolegea. Kwa hiyo bunduki za inesha ndizo zinazoambatana zaidi na ushauri wa kuzoeshwa kwa risasi nzito.

Upya uko wapi

Chuma kilichotoka kiwandani huonekana laini, lakini ukipitisha ukucha kwenye reli za komeo utahisi mikwaruzo ya mashine iliyokichonga. Pembe za chuma zina makali. Komeo na reli bado hazijakubaliana zigusane wapi. Zinagusana kwenye vilele vya mikwaruzo, na vilele hivyo hukatika kidogo kidogo kwa kusuguana. Springi mpya nazo huwa ngumu, hupungua urefu kidogo zikishabanwa mara nyingi, kisha hutulia. Juu ya yote kuna grisi ya kiwandani, ambayo kazi yake ni kuzuia kutu wakati bunduki iko safarini na ghalani.

Hapo ndipo jibu la swali la pikipiki lilipo. Adui wa injini mpya ni joto. Hujizungusha maelfu ya mara kwa dakika bila kupumzika, kwa hiyo mlezi wake huipunguzia mzigo. Komeo la shotgani husafiri mara moja tu kwa kila risasi, na adui yake ni kuishiwa nguvu njiani. Risasi nyepesi katika bunduki mpya hulifikisha komeo nusu ya safari, na sehemu ya reli lisipofika haitalainika kamwe. Risasi nzito hulipa ushuru wote wa upya na kubakisha chenji. Komeo hupita reli nzima, springi hubanwa hadi mwisho, kila ndoana hufanya kazi yake yote.

Utaratibu wake

Kazi huanzia mezani, chemba na magazini vikiwa vitupu, na kasha la risasi likiwa chumba kingine. Bunduki ifunguliwe kama kijitabu chake kinavyoonyesha, na grisi yote ya kiwandani ifutwe, hata isiyoonekana. Aina kadhaa huficha springi ya kurudishia komeo ndani ya bomba lililo kwenye kitako, na wengi hawafiki huko kwa sababu ni lazima kitako kivuliwe. Baada ya kusafisha, oili nyepesi ipakwe kwa utando kwenye reli na sehemu za kusuguana. Oili nyingi hukusanya masizi ikageuka tope. Chemba ibaki kavu.

Kisha komeo livutwe na kuachiwa kwa mkono mara mia mbili tatu. Mkono utahisi kikwaruzo cha mwanzo kikififia.

Uwanjani, risasi zichaguliwe kwa macho mawili. Urefu wake usizidi ulioandikwa kwenye mtutu. Risasi ya milimita 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya milimita 70 bila kulalamika, kwa sababu mdomo wake umekunjwa; ukikunjuka wakati wa kupigwa unakosa nafasi, na shinikizo linapanda kwa hatari. Risasi za geji 20 zisiwe hata kwenye mfuko mmoja na za geji 12. Ya geji 20 ikitumbukia katika mtutu wa geji 12 husimama mbele ya chemba kama kizibo, na ya geji 12 ikiifuata, mtutu hupasuka. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano.

Makasha mawili hadi manne ya risasi 25, gramu 32 au 36, huwatosha wengi. Risasi chache za mwanzo zipakiwe moja moja, kisha mbili mbili, hadi bunduki izoeleke mkononi. Kitako kikae imara begani, uzito wa mwili ukielekea mbele. Komeo liachiwe lirudi kwa nguvu zake. Katika bunduki za inesha, anayelisindikiza taratibu ili lisipige kelele hukuta kichwa cha komeo hakijazunguka hadi mwisho, na akivuta kifyatulio husikia kidoko tu, bila mlio. Mlio ukiwa dhaifu isivyo kawaida, kazi isimame, risasi zitolewe, na mtutu uchunguliwe kama umeziba kabla ya risasi nyingine yoyote.

Nzito zikipita bila kukwama, shuka ngazi moja, gramu 28, kisha 24 kama ndizo utakazotumia. Zikikwama, panda tena. Shotgani zenye chemba ya milimita 89, zilizoundwa kubeba risasi kubwa kabisa, mara nyingi huchelewa kukubali zilizo nyepesi.

Ushahidi wa maganda

Fundi mzuri hutazama ardhini kabla ya kuitazama bunduki. Maganda yanayotua pamoja, hatua kadhaa kulia, yanasema pato linatosha. Yanayodondoka karibu na kiatu yanasema komeo linafika kwa kuchechemea, na kukwama kuko njiani. Ushahidi mwingine ni wa risasi ya mwisho: bunduki nyingi za aina hii hubaki wazi magazini ikiisha, na komeo haliwezi kushikwa huko nyuma lisipofika.

Kukwama nako kuna lugha. Ganda likibanwa dirishani, komeo limeishiwa nguvu. Ganda likibaki ndani ya chemba na ukingo wake umekwanguliwa, tazama ukucha unaolivuta, au chemba yenyewe. Risasi za bei rahisi huwa na kitako cha chuma badala ya shaba, nacho kikitanuka kwa shinikizo la baruti hakinywei haraka, kikanasa kwenye chemba isiyong'arishwa vizuri. Badili risasi kabla ya kubadili bunduki. Risasi mpya isipotoka kabisa kwenye magazini, hesabu ya nguvu haihusiki. Tafuta kwenye springi ya magazini au ndoana inayoachia risasi.

Hapo ndipo ushauri wa dukani unapofika mwisho wake. Kuzoesha hupunguza msuguano tu. Ukucha uliovunjika hauzoei, oringi iliyokatika haizoei, na springi iliyopachikwa kinyume haitajigeuza hata kwa makasha mia. Makasha manne ya nzito yakiisha na ganda bado linakwama mahali pale pale, bunduki iende kwa fundi.

Na mwindaji wetu? Alitii. Alipiga makasha yake manne mchana wa jua, hakuna ganda lililokwama, akamsifu muuzaji. Jumamosi alfajiri akarudi majini, barafu nyembamba ikiwa ukingoni, na ganda la kwanza likabanwa dirishani vile vile. Usiku huo akavua kitako kwa mara ya kwanza. Ndani ya bomba, springi ilikuwa imezama kwenye grisi ya kiwandani, ya rangi ya kahawia, nzito kama asali. Jua la mchana ule lilikuwa limeilainisha. Baridi ya alfajiri iliigandisha tena. Hakuna risasi ambayo ingeifuta. Ilifutwa na kitambaa.

Sheria ya shirikisho, tangu 1935, humruhusu mwindaji wa bata risasi tatu tu bundukini. Jumamosi iliyofuata alizipiga zote. Maganda matatu yalielea pamoja upande wake wa kulia, na komeo likabaki nyuma, dirisha wazi, chemba tupu. Akainama kuyaokota kabla maji hayajayachukua.